Kujitahidi kufika mbinguni na kuwasaidia wapendwa wetu wafike: maswali ya familia za Kikatoliki

Maswali haya ndiyo yanayoulizwa zaidi kwenye jumuiya ndogo ndogo, kwenye mafundisho na kando ya vitanda vya wagonjwa. Majibu yanafuata mafundisho na sheria za Kanisa Katoliki. Mambo machache hutofautiana jimbo na jimbo, hasa viwango vya sadaka na karatasi zinazotakiwa. Hapo muulize paroko wako. Kama una mgonjwa mahututi nyumbani sasa hivi, mpigie padre simu kwanza, kisha ruka hadi swali la "Tumwite padre lini?"

Mbinguni tunaingia kwa juhudi zetu au kwa neema?

Kwa neema. Hakuna anayejinunulia mbingu, iwe kwa wingi wa sala au kwa kuchangia ujenzi wa kanisa. Mtaguso wa Trento, mkutano mkuu wa maaskofu, ulilitamka hili mwaka 1547: hakuna kitu kinachotangulia kuhesabiwa haki kwetu, iwe imani au matendo, kinachotustahilisha kupewa neema hiyo. Lakini neema haimburuti mtu. Yesu alipoulizwa kama wanaookolewa ni wachache hakutaja idadi. Aliwaambia wajitahidi kuingia katika mlango ulio mwembamba (Lk 13:24). Paulo naye anawahimiza Wafilipi wautimize wokovu wao kwa kuogopa na kutetemeka, na papo hapo anaongeza kwamba ni Mungu atendaye kazi ndani yao (Flp 2:12-13). Anayeshika juhudi tu huishia kujivuna au kukata tamaa. Anayeshika neema tu huacha kuungama, kwa madai kwamba Mungu anamwelewa.

Mimi ni mtu wa kazi na watoto. Juhudi yenyewe ni ipi kwa siku ya kawaida?

Anza na vichache ambavyo hutaviacha. Asubuhi, kabla ya kushika simu, ishara ya msalaba na kumtolea Mungu siku. Usiku, dakika tano za kuitafakari siku: nimpe Mungu shukrani kwa lipi, nimekosa wapi, kesho nibadili nini, kisha sala ya kutubu. Dominika na sikukuu za amri, Misa. Kuungama: sheria inadai angalau mara moja kwa mwaka kwa mwenye dhambi za mauti, ila kwa anayetaka kukua tunashauri kila mwezi, maana anayekwenda mara moja kwa mwaka hukumbuka makubwa tu na tabia zake hubaki palepale.

Halafu soma Mathayo 25:31-46 taratibu. Kinachoulizwa pale ni mwenye njaa, mgeni, mgonjwa na mfungwa. Chagua mtu mmoja halisi: mjane wa jirani, dada wa kazi nyumbani kwako anayedai mshahara wa miezi miwili, ndugu aliye rumande. Mlipe, mtembelee, mpelekee chakula. Mtu anayesali Rozari tatu kwa siku huku amemshikia mfanyakazi ujira wake ana jambo zito la kurekebisha kabla hajaongeza ya nne.

Nitajuaje kama dhambi yangu ni ya mauti?

Mambo matatu lazima yawepo kwa pamoja: jambo lenyewe ni zito, ulijua kwamba ni zito, na uliridhia kwa hiari kamili. Likikosekana moja, dhambi ipo lakini si ya mauti. Hofu, shinikizo, uraibu na usingizi hupunguza hiari. Usijipime mwenyewe usiku kucha. Mweleze padre ilivyokuwa.

Nimekaa miaka mingi bila kuungama. Nianzie wapi?

Mpigie padre simu au mwone baada ya Misa ya siku ya juma, mpange muda. Usipange foleni ya Jumamosi kabla ya Pasaka ukiwa na miaka kumi na tano ya kueleza, kwani utaharakishwa na utaondoka bila amani. Unaweza kwenda kwa padre wa parokia nyingine kama unaona haya. Siri ya kitubio inambana kila padre bila ubaguzi.

Siku mbili tatu kabla, pitia amri kumi kwa utulivu. Ukiandika, andika kwa vifupi na uchome karatasi baadaye. Dhambi za mauti hutajwa kwa aina na kwa idadi, kadiri unavyokumbuka: "nilizini, kama mara moja kwa mwezi kwa miaka miwili" inatosha. Hadithi nzima haihitajiki, wala majina ya watu. Ukifika, anza hivi: "Nibariki Padre kwa kuwa nimekosa. Niliungama mara ya mwisho takriban miaka kumi iliyopita. Nimesahau utaratibu, naomba unisaidie." Padre atakuongoza.

Yanayoharibu ni matatu. La kwanza ni kuficha dhambi moja kwa makusudi, jambo linalobatilisha ungamo zima. Dhambi uliyosahau kwa kweli imesamehewa pamoja na zile nyingine. Utaitaja safari ijayo. La pili ni kuungama makosa ya mume au mkwe badala ya yako. La tatu ni kutokuwa na nia ya kuacha. Huhitaji uhakika kwamba hutaanguka tena, unahitaji kuwa umekusudia kweli. Kama uliiba, kurudisha ni sehemu ya toba. Padre atakuonyesha namna ya kurudisha bila kujianika hadharani.

Mume wangu (au mwanangu) ameacha kanisa kabisa. Nifanye nini asipotee?

Swali hili huulizwa na machozi, na jibu lake ni refu kuliko watu wanavyotaka.

Monika wa Thagaste, mji ulioko Algeria ya leo, alikuwa na mume asiyeamini, mkali na asiye mwaminifu, na mtoto mwenye akili nyingi aliyejiunga na Wamanikayo, kundi la dini nyingine. Mume huyo, Patrisi, alibatizwa mwishoni mwa maisha yake. Mwana huyo, Agustino, alibatizwa na askofu Ambrosi huko Milano usiku wa Pasaka ya mwaka 387, akiwa na miaka 32. Monika alikuwa ameomba kwa miaka mingi, na alifariki mwaka huohuo. Askofu mmoja ambaye Monika alimwendea zamani, akimsihi aongee na kijana, alikataa kubishana naye, akijua hajawa tayari kusikiliza. Alimwambia mama aendelee kumwombea. Ushauri huo ungali mzuri.

Kwa vitendo, weka sala ya kila siku kwa ajili yake kwa jina, ifanyike saa ileile: kumi moja la Rozari (Salamu Maria kumi) linatosha kama ndilo utakaloweza kulidumisha. Funga mlo mmoja Ijumaa kwa nia hiyo. Omba Misa kwa ajili yake, kwani Misa huombewa walio hai pia. Na ishi naye vizuri. Petro anawaambia wake wa waume wasioamini kwamba waume hao wanaweza kuvutwa pasipo neno, kwa kuuona mwenendo (1 Pet 3:1-2).

Kisha ongea naye mara moja, kwa uwazi, mkiwa wawili: "Mwanangu, nakuombea kila siku. Natamani urudi. Sitakusumbua, ila siku ukitaka, nitakusindikiza." Baada ya hapo nyamaza juu ya hilo mpaka yeye mwenyewe afungue mdomo. Mlango wa kurudi mara nyingi hufunguliwa na msiba, ugonjwa au kuzaliwa kwa mtoto, na anayerudi humfuata yule ambaye hakumwaibisha.

Tunaona makosa yaleyale yakirudiwa: kumhubiria mezani mbele ya wadogo zake, kumtaja kwenye maombi ya jumuiya huku majirani wanasikiliza, kumtumia video za mahubiri kumi kwa siku, kumtishia kumnyima ada au urithi. Muulize pia sababu. Wengine waliondoka kwa kuumizwa na mtu wa kanisani, na hao wanahitaji kwanza kusikilizwa bila kukatizwa. Kama kuna jinai, kwa mfano mtoto kudhulumiwa, ipelekwe polisi na kwa askofu. Isizikwe kwa jina la kulinda heshima ya Kanisa.

Mume anayempiga mkewe ni suala jingine. Kumwombea hakukulazimishi kukaa anapokuhatarisha. Sheria ya Kanisa inamruhusu mwenzi aliye hatarini kuondoka (kanuni ya 1153). Ondoka na watoto, kisha uombe ukiwa mahali salama.

Wazazi wetu wameishi miaka thelathini bila ndoa ya kanisani. Tunaweza kuwasaidia?

Mnaweza, na hii ni zawadi kubwa ambayo watoto wanaweza kuwapa wazazi, maana inawarudisha mezani pa Bwana. Hatua ya kwanza ni kujua kama kuna kizuizi: kuna mmoja aliyewahi kufunga ndoa na mtu mwingine aliye hai? Kama hakuna, nendeni kwa paroko na vyeti vya ubatizo vilivyotolewa karibuni (parokia nyingi hutaka visizidi miezi sita), majina ya mashahidi wawili, na karatasi nyingine atakazotaja. Kuna mafundisho mafupi, matangazo, kuungama, halafu ndoa. Inaweza kufungwa Jumamosi asubuhi mbele ya mashahidi wawili, bila ukumbi, bila kamati, bila sare.

Kinachokwamisha wengi ni mahari iliyobaki na aibu ya kutokuwa na sherehe. Mahari ambayo haijaisha haibatilishi ndoa mbele ya Kanisa. Watoto wazima wakae na wajomba, wamalize suala hilo kwa heshima, na wawaambie wazazi waziwazi kwamba hakuna anayedai sherehe.

Kama kuna ndoa ya awali, faili hupelekwa mahakama ya Kanisa ya jimbo. Inachukua muda. Wakati wanangoja waendelee na Misa, sala na jumuiya. Na mmoja wao akiwa katika hatari ya kufa, mwambieni padre mara moja kuhusu hali ya ndoa. Katika hatari hiyo sheria inalegeza mambo mengi, na ndoa inaweza kurekebishwa kitandani siku hiyohiyo.

Tumwite padre lini kwa ajili ya mgonjwa?

Mapema kuliko mnavyofikiri. Kosa kubwa katika familia zetu ni kungoja mpaka mgonjwa hatambui mtu, kwa kuogopa kwamba akimwona padre atajua anakufa. Matokeo yake hawezi tena kuungama wala kumeza Komunyo, na padre anabaki na mpako (sakramenti ya kupaka wagonjwa mafuta) peke yake. Sheria inasema mpako hutolewa mtu anapoanza kuwa hatarini kwa ugonjwa au uzee (kanuni ya 1004). Hiyo ni pamoja na anayekwenda kwenye operesheni kwa ugonjwa mkubwa, aliyegunduliwa na saratani, na bibi aliyedhoofika sana hata kama hana ugonjwa wenye jina. Akipona kisha akaugua tena, au hali ikizidi kuwa mbaya, hupakwa tena. Yakobo 5:14-15 inataja kuinuliwa kwa mgonjwa, na wengi huinuka kweli wakaendelea kuishi.

Padre au askofu pekee ndiye anayeweza kutoa sakramenti hii. Shemasi, sista au katekista hawezi. Mhudumu wa Komunyo anaweza kumletea mgonjwa Ekaristi, na hilo liombwe kila juma wakati ugonjwa ni mrefu.

Mkipiga simu, mpeni padre taarifa hizi: jina na umri wa mgonjwa, alipo (hospitali, wodi na namba ya kitanda, au nyumba na alama ya kuifikia), kama yu macho na anaongea, kama anaweza kumeza, kama ni mbatizwa na amepata Komunyo ya kwanza, na hali yake ya ndoa. Hospitalini mwambieni muuguzi wa zamu mapema. Padre akiitwa kwa mgonjwa aliye taabani, kwa kawaida huruhusiwa kuingia hata nje ya saa za kuona wagonjwa.

Nyumbani, tayarisheni meza ndogo karibu na kitanda: kitambaa cheupe, msalaba, mshumaa, maji ya baraka, glasi ya maji ya kunywa na kijiko, pamba kidogo ya kufutia mafuta. Zimeni redio na televisheni. Mgonjwa afunuliwe viganja. Padre akifika, wote watoke chumbani ili mgonjwa aungame; hata binti anayemhudumia atoke. Kisha rudini muitikie sala. Padre huweka mikono juu ya kichwa chake, humpaka mafuta kwenye paji la uso na mikononi, halafu hutoa Komunyo. Mgonjwa na wanaomhudumia hawafungwi na saa moja ya kufunga kabla ya Komunyo. Asiyeweza kumeza hostia nzima apewe kipande kidogo na maji kwenye kijiko. Asiyeweza kabisa kumeza kigumu anaweza kupewa Damu ya Kristo, ila padre lazima ajue mapema ili ajiandae.

Akiwa karibu kufa, ombeni mambo mawili kwa majina. Moja ni Komunyo ya safari ya mwisho. Mwenye kufa anaweza kuipokea hata kama alikwishakomunika siku hiyo. La pili ni baraka ya Kitume, ambayo kila padre anaweza kuitoa. Ina rehema kamili kwa saa ya kufa, yaani kuondolewa adhabu yote ya muda inayobaki baada ya dhambi kusamehewa. Familia nyingi hazijui kwamba ipo.

Baba ana wake wawili na sasa ni mgonjwa sana. Padre atakuja?

Mwiteni. Kazi ya padre ni kumsikiliza na kuona toba yake na utayari wake wa kupanga maisha upya. Asiyekubali kuiacha hali ya dhambi nzito iliyo wazi hawezi kupakwa, lakini msiamue ninyi kwa niaba yake. Wengi hulainika kitandani. Ninyi watoto msaidieni kwa haki: mama wa pili na wanawe watunzwe, wala wasifukuzwe kwenye nyumba kwa kisingizio cha dini.

Padre hafiki na mgonjwa anakata roho. Tufanye nini?

Mmoja akae karibu na sikio lake, aseme polepole kwa sauti ya kawaida. Anza na sala ya kutubu: "Mungu wangu, nimetubu sana niliyokosa..." Ukiisema neno kwa neno, anaweza kuifuata moyoni hata kama midomo haisogei. Toba inayotokana na kumpenda Mungu, pamoja na nia ya kuungama ikiwezekana, huondoa hata dhambi za mauti. Kisha maneno mafupi yanayorudiwa: "Yesu, nakutumainia", "Yesu, Maria na Yosefu". Mpeni msalaba aushike au aubusu. Wengine wasali Baba Yetu na Rozari kwa sauti ya chini.

Kanisa lenyewe linampa rehema kamili mtu anayekufa bila kumpata padre, mradi awe na moyo wa toba na awe na mazoea ya kusali katika maisha yake. Kwa hiyo sala mliyomzoesha mtoto tangu utotoni itamsaidia hata siku hiyo.

Msibishane juu ya kiwanja chumbani mwake. Tabibu wengi huonya kwamba aliyepoteza fahamu anaweza bado kusikia. Kama kuna ndugu aliyegombana naye, mleteni au mpigieni, simu iwekwe sikioni, waombane msamaha.

Akishakufa hapakwi tena mafuta. Padre atasali sala za marehemu. Ikiwa kuna shaka kama amekufa kweli, padre humpaka.

Mgonjwa hajabatizwa, na hakuna muda. Nani anaweza kumbatiza?

Mtu yeyote, mwanamume au mwanamke, hata asiyebatizwa, akikusudia kufanya lile ambalo Kanisa hufanya. Karoli Lwanga, mmoja wa mashahidi wa Uganda, alikuwa mlei. Mwishoni mwa Mei 1886, kule Munyonyo nchini Uganda, aliwabatiza wenzake waliokuwa bado wakatekumeni (wanaojiandaa kwa ubatizo), kijana Kizito akiwa mmojawapo, siku chache kabla ya kuuawa kwao.

Chukua maji ya kweli: ya bomba, kisima, mvua au chupa. Mwagia juu ya kichwa mara tatu, yatiririke juu ya ngozi, huku wewe mwenyewe ukisema: "(Jina), mimi nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu." Basi. Soda, maziwa au mate hayafai. Mmoja akimwaga na mwingine akisema, si ubatizo. Ukisema "sisi tunakubatiza" si halali. Roma ilithibitisha hilo mwaka 2020. Kulowesha nywele tu bila maji kufika ngozini kunaacha shaka.

Mtu mzima lazima awe ameomba, au ameonyesha kwa namna fulani kwamba anataka, na amejutia dhambi zake. Usimbatize kwa siri shangazi Mwislamu aliyezimia kwa sababu unampenda. Aliyebatizwa katika Kanisa lingine kwa maji na kwa jina la Utatu harudiwi. Andika tarehe, mahali, jina la aliyebatiza na shahidi, upeleke parokiani. Akipona, apelekwe kanisani kwa ibada zilizobaki na Kipaimara. Maji hayamwagwi tena.

Mtoto wetu alifariki kabla ya ubatizo. Yuko wapi?

Kanisa linamkabidhi kwa huruma ya Mungu, anayetaka watu wote waokolewe, na kwa Yesu aliyesema waacheni watoto wadogo waje kwangu. Katekisimu (namba 1261) inatuhimiza tutumaini kwamba kuna njia ya wokovu kwao. Askofu anaweza kuruhusu ibada ya mazishi ya Kikanisa kwa mtoto ambaye wazazi walikusudia kumbatiza; muulizeni paroko kabla ya kuzika. Hii ni pamoja na mimba iliyotoka. Asiwepo mtu wa kumwambia mama kwamba mwanawe amepotea.

Ndugu yetu alijiua. Tunaruhusiwa kumwombea?

Ndiyo, na mwombeeni sana. Katekisimu (2282-2283) inasema msongo mkubwa wa akili, hofu na mateso hupunguza wajibu wa mtu, na kwamba tusikate tamaa juu ya wokovu wake, kwani Mungu ana njia azijuazo mwenyewe za kumpa nafasi ya kutubu. Misa inaweza kuombwa kwa ajili yake, na maziko ya Kikristo hayanyimwi kwa sababu hiyo peke yake.

Toharani imeandikwa wapi?

Jina la Toharani, yaani hali ya kutakaswa kabla ya kuingia mbinguni, halimo katika Biblia. Mafundisho yake yanasimama juu ya 2 Wamakabayo 12:38-46, ambapo Yuda Makabayo, kiongozi wa jeshi la Wayahudi, alikusanya fedha zipelekwe Yerusalemu kwa sadaka ya dhambi za waliokufa vitani; juu ya 1 Wakorintho 3:15, anayeokolewa kama kwa moto; na juu ya desturi ya Wakristo wa kwanza ya kuwaombea wafu. Walio huko wana uhakika wa mbingu. Wanatakaswa.

Rehema kamili kwa ajili ya marehemu hupatikanaje, hatua kwa hatua?

Rehema haisamehi dhambi. Huondoa adhabu ya muda inayobaki baada ya dhambi kusamehewa. Unaweza kuipata kwa ajili yako au kwa marehemu. Huwezi kumpa mtu mwingine aliye hai.

Kuanzia tarehe 1 hadi 8 Novemba, tembelea makaburi na uwaombee marehemu, hata kimoyomoyo. Kila siku unaweza kupata moja. Kwa siku nyingine za mwaka kuna matendo kama kusali Rozari ya makumi matano kanisani au pamoja na familia, kusoma Biblia nusu saa, kuabudu Ekaristi nusu saa, au kufanya Njia ya Msalaba.

Pamoja na tendo hilo, ungama (ungamo moja linatosha kwa rehema kadhaa, ndani ya siku kama ishirini kabla au baada), pokea Komunyo kwa kila rehema, na sali kwa nia za Baba Mtakatifu, kwa kawaida Baba Yetu na Salamu Maria. Sharti gumu ni la mwisho: usiwe umeng'ang'ania dhambi yoyote, hata ndogo. Likikosekana, unapata rehema ya sehemu. Watu wengi hutimiza matembezi na kusahau Komunyo, au huendelea kumnunia jirani. Anza na jirani.

Zile hesabu za "siku 300" katika vitabu vya sala vya zamani ziliondolewa na Papa Paulo VI mwaka 1967.

Misa za marehemu: ngapi, na sadaka kiasi gani?

Kiwango cha sadaka ya nia ya Misa huwekwa na maaskofu wa jimbo kuu pamoja na majimbo yaliyo chini yake, na padre haruhusiwi kudai zaidi. Asiye na kitu aombe hivyohivyo. Sheria inawahimiza mapadre waadhimishe kwa ajili ya wahitaji hata bila sadaka. Andika jina kamili na nia kwa herufi zinazosomeka, uulize tarehe.

Misa za Gregori ni 30, siku 30 mfululizo, kwa marehemu mmoja. Desturi hii inatokana na Papa Gregori Mkuu. Padre anaweza kubadilika, siku zisikatike bila sababu kubwa. Parokia zenye nia nyingi mara nyingi haziwezi. Jaribuni nyumba za watawa wenye mapadre kadhaa.

Mtu akiwa na fedha kidogo, tungependa aanze na madeni ya marehemu, kisha Misa, ndipo afikirie pilau la arobaini. Deni la dukani na mchango wa kikundi alioshika ni suala la haki. Ulizeni msibani nani anamdai, mlipe kwa majina.

Wazee wanasema marehemu amekasirika, tufanye tambiko.

Mkristo hamtulizi marehemu kwa damu ya mbuzi wala pombe. Wasikilizeni wazee kwa adabu, kwani mara nyingi nyuma ya maneno hayo kuna kaburi lililotelekezwa, mjane aliyenyang'anywa shamba au ndugu wasiosemezana. Rekebisheni hayo. Jengeni kaburi, ombeni Misa, mwiteni padre abariki nyumba.

Marehemu hakuwa Mkatoliki. Na tumwombee kwa miaka mingapi?

Padre anaweza kutoa Misa kwa ajili ya mtu yeyote, hai au mfu. Hakuna ukomo wa miaka. Endeleeni kuandika jina lake kila Novemba. Kama amekwisha kufika, Mungu anajua pa kuipeleka sala hiyo.

Dada yetu anafanya kazi za ndani Uarabuni na hapati kanisa. Atashikaje imani?

Inategemea yuko wapi. Muscat, mji mkuu wa Oman, kuna makanisa Katoliki Ruwi na Ghala, na Falme za Kiarabu kuna parokia kadhaa, Abu Dhabi na Dubai zikiwemo; anaweza kumwomba mwajiri siku ya mapumziko, na ratiba zipo mtandaoni. Saudi Arabia hakuna kanisa la wazi. Asiyeweza kwenda Misa kwa sababu ya kuzuiwa hatendi dhambi.

Ajifunze sala ya kutubu kwa moyo na aisali kila usiku, awe na nia ya kuungama atakapopata padre. Asome masomo ya Dominika, afanye Komunyo ya kiroho, yaani kumwomba Yesu aje moyoni wakati hawezi kumpokea katika Ekaristi. Rozari inasaliwa kwa vidole kumi, haionekani na mtu. Ninyi nyumbani mpigieni saa ambayo yuko huru na msali naye kumi moja la Rozari, badala ya kumpigia siku ya mshahara tu. Asihatarishe usalama wake kwa kuonyesha vitu vya ibada pale visiporuhusiwa. Akifika likizo, msimpokee na orodha ya michango. Kabla ya yote mtafutieni padre aungame, nyumba ikiwa bado tulivu.